Shajara ya rula: dagaa wa Kibirizi, Agosti mpaka Novemba 2024

Alhamisi, 15 Agosti

Leo ndo mwisho wa kufungwa kwa ziwa. Tangu 15 Mei hakuna chombo kilichoingia Tanganyika kuvua, miezi mitatu kamili, na hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, vichanja vya mama vilikuwa vitupu mpaka buibui wakajenga. Leo asubuhi watu wameshona nyavu, wamechaji betri za taa, wengine wanapaka rangi mitumbwi, yaani ni kama sikukuu.

Naanza kuandika leo kwa sababu ya ubishi ambao haukuisha. Mwezi wa tano, kabla ya kufungwa, mteja wa mama kutoka Tabora alipiga simu akasema anataka wale dagaa wadogo wadogo laini, sio "ile aina kubwa". Mama akamjibu sawa, ile aina ndogo huwa inakuja kwa msimu wake. Mzee mmoja nahodha wa kipe, chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, alikuwa amekaa pale anakunywa uji, akasema hakuna aina hapo, hao ni watoto wa hawahawa. Mama akasema hapana baba, mi nimeanika dagaa miaka ishirini, najua aina. Wakabishana mpaka uji ukapoa, na mi niliyesoma baiolojia mpaka kidato cha sita nikashindwa kusema kitu cha kueleweka. Iliniuma sana, maana hiki ndo chakula kilichonikuza.

Kwa hiyo maswali yangu ni mawili tu. Dagaa wa hapa anakuwa mkubwa wa kuzaa akiwa na urefu gani, na inamchukua muda gani kufika hapo tangu atoke kwenye yai. Nina rula ya chuma, daftari la mistari, mzani wa jikoni wa betri, wembe, kibanio cha nyusi cha dada, na kulboksi kuukuu la soda.

Samaki leo hakuna. Tarehe 19 mwezi unakuwa mpevu, na kwenye mbalamwezi taa haivuti dagaa, mwanga umetapakaa ziwa zima. Watakaoingia usiku huu wanaingia kwa hamu tu.

Jumamosi, 24 Agosti

Dagaa wa kwanza. Wachache, maana mwezi bado unatoka saa nne na kitu usiku, wavuvi wanawahi lile giza la mwanzo tu. Nilinunua kisado kimoja nikapima vibaya, naandika kosa langu ili nisilirudie. Niliwaacha juani kwenye karai kama saa nzima nikiwa nachora jedwali, nilipoanza kupima wakawa wameanza kukakamaa na kujikunja, na mkia umekauka umevunjika ncha. Nilimpima mmoja akiwa mbichi nikapata 7.6, nikamrudia akiwa amekauka nikapata pungufu ya 7. Kwa hiyo vipimo vyote vya leo nimevikata kwa kalamu nyekundu. Kuanzia sasa ni barafu, na samaki anapimwa ndani ya nusu saa.

Napima kutoka ncha ya mdomo mpaka mwisho wa mkia. Kuna wanaopima mpaka pale mkia unapoanzia, kwa sababu mkia unavunjika, ni njia nzuri tu, ila ukichanganya hizo mbili kwenye daftari moja umeharibu kila kitu.

Jumamosi, 31 Agosti

Giza limeingia vizuri. Vyombo vimerudi alfajiri vimejaa na mwalo umewaka, kina mama wanapiga kelele za bei, vijana wanabeba makarai kichwani maji yanawatiririka mgongoni. Nimechota samaki 200 kutoka chombo kimoja, cha yule mzee wa ubishi, nikamwomba ruhusa kila giza nichukue kwake yeye tu. Nilimwamkia shikamoo mzee, nikamweleza ninachotafuta, akasema marahaba mwanangu, chukua, ila uniletee jibu na mimi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutenganisha. Hapa ndo mteja wa Tabora ana haki kidogo, maana kwenye karai moja kweli kuna aina mbili za samaki. Kuna dagaa mwenyewe, mwembamba, kitaalamu anaitwa Stolothrissa tanganicae, na kuna lumbu, Limnothrissa miodon, mwenye mwili mpana zaidi. Dagaa hazidi sana sentimita 10 hata azeeke vipi. Lumbu anaweza kufika 17. Wote wawili ni wa ukoo wa baharini, ndugu zao ni saradini na heringi, mababu zao waliingia maji baridi ya Afrika zamani mno, mamilioni ya miaka. Dagaa wa Mwanza hayumo kwenye ukoo huu kabisa, yule ni jamaa wa ningu, samaki mwingine wa Ziwa Victoria, jina tu ndo limefanana.

Ila sasa, wale wadogo laini anaowataka mteja sio aina nyingine. Nimewaangalia mmoja mmoja kwenye mwanga. Wengi ni Stolothrissa walewale, wafupi tu. Na wachache ni lumbu watoto, kwa sababu lumbu wakiwa wadogo wanakaa karibu na ufukwe, ndo maana kokoro na vyandarua vinawamaliza huko kabla hata hawajajua ziwa.

Uzito umenisumbua. Mzani wangu unasoma gramu moja moja na dagaa mmoja ana gramu mbili au tatu, ukimpima peke yake ni kubahatisha. Nikawaza, nikawapanga kwa urefu, nikapima hamsini hamsini. Wa sentimita 8, hamsini walikuja gramu 158. Wa sentimita 4 nilihangaika kuwapata hamsini, nikawapata, gramu 20.

Nilirudia mara tatu nikidhani mzani umeharibika. Urefu umeongezeka mara mbili, uzito umeongezeka karibu mara nane. Halafu nikakumbuka hesabu za shule, kitu kikirefuka mara mbili kinanenepa mara mbili pia na kinakuwa kirefu kwenda chini mara mbili, mbili mara mbili mara mbili ni nane. Nimeijua hesabu hiyo tangu kidato cha kwanza na sijawahi kuiona kwenye karai la mama.

Nikamwonyesha mama. Nikamwambia mama, ukinunua kilo moja ya hawa wa 4 umenunua dagaa kama 2,500, na kilo ya hawa wa 8 ni kama 300 tu na ushee. Akanyamaza, akageuza wale wadogo kwa kidole, akasema kumbe ndo maana wakikauka wanakuwa hamna kitu.

Jumamosi, 7 Septemba

Bado giza. Samaki 200 wengine. Kundi kubwa lipo kati ya 5 na 5.5, halafu kuna kundi dogo la 8 mpaka 9. Nikichora kwa vijiti inatokea kama vilima viwili, kimoja kirefu kushoto na kingine kifupi kulia. Hicho kilima cha kushoto ndo nitakifuata, nione kinasogea kwenda wapi.

Leo nimeanza kupasua matumbo. Naweka kwenye sahani nyeupe ya mama ya ugali (nimeshanunua nyingine, hii sasa ni ya kazi), nachana kwa wembe kutoka kwenye tundu la haja kwenda mbele, taratibu, ukikandamiza unachanganya utumbo na mayai vyote. Kwa wale wa sentimita 5 hakuna kitu cha kuona, kuna nyuzi mbili nyembamba zinaangaza kama uzi wa nailoni zimelala juu ya utumbo, hata kujua jike au dume huwezi. Kwa wale wa 8 ni habari nyingine. Jike alijaa mayai ya manjano mpauko tumbo zima, yamebana mpaka utumbo umesukumwa pembeni, na ukiweka lenzi unaona chembe moja moja kama semolina iliyolowa. Dume ana kitu cheupe kama maziwa, ukimbinya kinatoka. Nikampata na jike mmoja mwenye mfuko mtupu, umelegea, mwekundumwekundu kama kidonda kinachopona. Huyo alishamwaga mayai, labda usiku uleule.

Nikampa kila mmoja alama: 1 uzi, 2 umeanza kujaa, 3 umejaa, 4 umemwaga.

Jumatano, 18 Septemba

Mwezi mpevu. Hakuna anayeingia ziwani, nimekaa nasoma.

Kwenye kusoma nimekutana na samaki mmoja wa bahari za baridi kule juu, kapelini, Mallotus villosus, na siwezi kumtoa kichwani. Ni mdogo, wengi wana sentimita 15 mpaka 20, rangi ya fedha, anaishi Newfoundland, Iceland, Norwe, maji ambayo binadamu akianguka ndani anakufa kwa baridi. Kule Newfoundland ikifika mwezi wa sita na wa saba wanakuja ufukweni wenyewe. Yaani samaki anapanda na wimbi mpaka kwenye changarawe, jike anabanwa na dume mmoja au wawili ubavuni, wanamwaga mayai na mbegu kwa pamoja kwenye kokoto, wimbi linalofuata linawarudisha wakipona. Wengi hawaponi, hasa madume. Watu wanakuja na ndoo na nyavu za mkono wanawazoa. Dume akifika msimu anaota kama manyoya ubavuni, magamba yamerefuka, hilo jina villosus maana yake ni mwenye manyoya.

Mayai yananata kwenye kokoto, na hapo baridi inafanya kazi yake: yai linakaa wiki mbili, tatu, hata mwezi kabla ya kuangua, kutegemea maji yana joto gani. Halafu mtoto anakua polepole, anasubiri mpaka miaka miwili, mitatu, minne ndo azae.

Wa kwetu yuko kinyume karibu kwa kila kitu. Maji ya juu ya Tanganyika yana nyuzi 24 mpaka 28 mwaka mzima. Dagaa haji ufukweni kuzaa, anamwagia mayai hukohuko kati kwenye maji ya wazi usiku, yai halinati popote, linazama taratibu na linatakiwa liangue likiwa njiani, ndani ya siku moja na nusu hivi. Na lazima liwahi, maana ziwa letu lina kina cha mita 1,470 lakini hewa ya oksijeni iko juu tu, upande huu wa kaskazini inaishia kama mita mia, huko chini hakuna samaki anayeishi. Nilipoelewa hivyo nilikaa kimya muda. Nimeogelea kwenye hili ziwa tangu mtoto na sikuwahi kufikiri kwamba usiku kuna mayai yanashuka gizani yakikimbizana na muda.

Na hazai mwezi mmoja kama kapelini. Anazaa mwaka mzima, kuna vipindi vinapanda na vipindi vinashuka. Hilo ndo litaniletea shida kwenye vilima vyangu, makundi yatachanganyika, naliona linakuja.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kilima kimesogea! Samaki 200, chombo kilekile. Kundi kubwa sasa liko 6 mpaka 6.5. Mwezi mmoja, sentimita moja. Niliruka pale mwaloni watu wakadhani nimeokota hela.

Nikapasua 40. Wengi wa 6 bado wako alama 1 na 2, madume yameanza kujaa kidogo mapema kuliko majike.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilimpelekea mzee habari za kilima, akanisikiliza vizuri, halafu akaniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, mwezi ule nilivua karibu, na juzi nilikwenda mbali mpaka taa za mjini zikapotea. Unajuaje kwamba wamekua, na sio kwamba nimekuta wengine?"

Sikuwa na jibu. Na ni kweli tupu, kwa sababu dagaa watoto wakishakuwa na nguvu ya kuogelea wanasogea maji ya karibu na nchi kavu, wakifika kama sentimita 5 wanarudi maji ya kati. Ukivua karibu unapata wadogo, ukivua mbali unapata wakubwa, hata kama ni usiku mmoja. Kilima changu kinaweza kuwa kimesogezwa na injini ya mzee na sio na ukuaji.

Nimeandika pembeni ya kila sampuli: WAPI. Sampuli za nyuma nimemuuliza, mbili anakumbuka, moja hakumbuki. Hiyo moja sitaitumia.

Jumapili, 20 Oktoba

Siku tatu tangu mwezi mpevu, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa na vijiwe.

Kila samaki ana vijiwe kichwani, jozi tatu, kwenye sehemu ya sikio la ndani, ni madini ya chokaa. Vinaongezeka tabaka juu ya tabaka maisha yote. Kwa samaki wa baridi kama kapelini unaweza kusoma miaka, sababu wakati wa baridi kali anakua kidogo sana na linatokea pete, kama shina la mti. Kwetu hakuna baridi hiyo, pete ya mwaka huipati ya kuaminika. Ila kuna kitu bora zaidi, kuna mistari ya siku. Usiku na mchana vinaacha alama, mstari mmoja kwa siku moja, na watafiti wa ziwa hili walishawahesabia dagaa umri kwa njia hiyo.

Kuvitoa: unashika kichwa cha dagaa kwa vidole viwili, unakata kwa wembe juu ya macho kama unafungua kifuniko, ubongo unauona, mdogo, mweupe. Unausogeza kwa ncha ya sindano na chini yake, kushoto na kulia, kuna vitu viwili vyeupe zaidi ya mfupa. Kama punje ya sukari. Nilivipoteza vinne vya kwanza, kimoja nilikipuliza kwa pumzi yangu mwenyewe. Cha tano nikakipata kwenye slaidi.

Hadubini nimeazima shule moja hapa mjini, taa yake imekufa siku nyingi, nikafunga kioo kidogo cha kujitazamia chini yake na kukielekeza jua la saa nne. Kijiwe kizima hakionyeshi kitu, ni doa jeusi. Inabidi ukisage kiwe chembamba mwanga upite. Nimekibandika na supaglu, nikakisugua kwenye msasa laini kabisa wa mafundi rangi ya magari, namba 1200, wenye maji, mizunguko kumi, naangalia, mizunguko kumi, naangalia. Viwili nilivisaga vikaisha. Cha tatu nikamalizia na dawa ya meno juu ya kitambaa, na nilipoweka jicho nikaona.

Mistari. Myembamba, imezunguka kiini cheusi, mmoja nje ya mwingine, karibu karibu kiasi kwamba ukipumua unapoteza ulipofika. Nilimwita mama aje aone. Alifunga jicho moja akakaa muda mrefu, akaniuliza hii moja ni siku? Nikamwambia ndiyo mama, kila mstari ni siku moja dagaa huyu aliishi. Akasema, "Na leo yake iko pale pembeni?" Nikamwambia ndiyo, ile ya mwisho kabisa ukingoni ni usiku ule alioingia kwenye wavu.

Dagaa huyo alikuwa na sentimita 7.4, jike, alama 3. Nimehesabu mara tatu siku tatu tofauti bila kuangalia jibu la nyuma: 171, 196, 183. Hazilingani na katikati pale karibu na kiini sioni vizuri, kwa hiyo siwezi kusema siku kamili. Ila zote zinaangukia kama miezi sita. Sio mwaka, sio miaka miwili. Miezi sita na tumbo limejaa mayai.

Nimesaga vingine vinne vizuri. Wa 5.2 nimepata kati ya 105 na 120. Hicho kinasema kutoka 5 kwenda 7 na kitu ni miezi miwili na nusu hivi. Kilima kilisema sentimita moja kwa mwezi. Mzee alikuwa na haki kunishtua na bado njia mbili tofauti zimekutana karibu na pale pale, hapo ndo nimepata usingizi.

Jumamosi, 2 Novemba

Jana mzee alinichukua ziwani. Mwezi mwandamo, giza totoro, mvua ya jioni ilikuwa imeshapita, maji yametulia. Tulikwenda saa nzima na injini halafu tukazima, taa za sola zikawashwa, na tukakaa. Mwanzo unaona wadudu tu juu ya maji. Baadaye, kama saa tano, chini ya taa maji yakaanza kumetameta, kwanza kama sindano chache zinapita, halafu zikawa nyingi, zinazunguka upande mmoja wote kwa pamoja mpaka maji yakawa kama yanachemka bila moto. Mchana hawa wako chini kwenye giza, usiku wanapanda kufuata vidudu vidogo vya majini wanavyokula. Na nyuma yao kukapita vivuli virefu, mgebuka, anawafuata wao kama wao wanavyofuata vidudu. Bila dagaa hakuna mgebuka, ni hivyo tu. Kule Bahari ya Barents, kaskazini ya Norwe, kapelini walipoporomoka katikati ya miaka ya 1980, ndege wa baharini walikufa kwa njaa na samaki wakubwa wa kod wakakonda. Nilimsimulia mzee tukiwa tunasubiri. Akasema, "Mdogo ndo anabeba wote."

Wavu ukainuliwa. Pale pale kwenye chombo nikapima 100 kwa tochi ya kichwani kabla hawajafa wote. Wengi 7 mpaka 7.5. Asubuhi nimepasua 50: kwa wale chini ya 6.5 wenye mayai yaliyojaa ni wawili tu, kwa wale wa 7 kwenda juu zaidi ya nusu. Wataalamu nao wanaweka ukomavu wa Stolothrissa karibu na sentimita 7, dume mapema kidogo kuliko jike. Kwa hiyo sahani ya mama ya ugali haijadanganya.

Njiani kurudi mzee aliniuliza mbona zamani walikuwa wanajaza chombo kwa karabai mbili na leo taa kumi hazijazi. Nilimwambia ninachojua: vyombo vimekuwa vingi, na ziwa lenyewe limepata joto. Mwaka 2003 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Nature ukionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na mbolea ya ziwa yote iko chini. Upepo wa kusini wa kiangazi ndo huwa unaisukuma ipande. Ikipanda kidogo mimea midogo inapungua, vidudu vinapungua, dagaa anapungua. Alisikiliza, akatema mate majini, akasema basi hilo la joto hatuliwezi mimi na wewe, lile la vyombo tunaliweza.

Jumapili, 10 Novemba

Jibu nimempelekea mzee kama alivyotaka, na mama alikuwepo. Nilichora kwenye mchanga kwa kijiti: yai, siku moja na nusu. Sentimita 5, miezi mitatu na nusu mpaka minne. Sentimita 7, karibu miezi sita, anazaa. Anakufa kwa uzee akiwa na mwaka na kidogo, kama hakuliwa.

Halafu tukahesabu pamoja ile miezi mitatu ya kufungwa. Kwa kapelini anayesubiri miaka mitatu azae, miezi mitatu ni kama kusubiri foleni, hujafika popote. Kwa dagaa ni karibu robo ya maisha yake. Aliyekuwa na sentimita 4 tarehe 15 Mei, kama alipona na mgebuka, tarehe 15 Agosti alikuwa na 7, amezaa au yuko karibu kuzaa. Mi mwenyewe mwezi wa sita nilikuwa nanung'unika, nyumbani hela imekata, nikasema hii kufunga ni kutuumiza bure. Njaa ile ilikuwa ya kweli na kuna majirani waliuza mpaka mabati, sitaki kuisahau. Ila sasa najua kilichokuwa kinatokea kwenye maji siku zile.

Mama hakusema nimeshindwa. Alichukua rula yangu akaenda nayo kwenye nguzo ya kichanja chake, akapima 7 akachora mstari kwa msumari.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua kila siku, kuanika ni shida, dagaa wa juzi wameanza kunuka, mama kapata hasara ya magunia mawili. Sijapima. Nilishinda nageuza turubai.

Jumamosi, 30 Novemba

Giza tena, kesho mwezi mwandamo. Samaki 200, chombo kilekile, mzee kaniandikia mwenyewe kwenye kipande cha boksi walipovua.

Kilima kikubwa kimepasuka, wa 8 wamebaki wachache. Na kushoto kabisa kuna kilima kipya, 4 mpaka 4.5, wembamba, unaona uti wa mgongo ukimweka kwenye mwanga. Nikapasua kumi, wote uzi.

Mteja wa Tabora alipiga simu mchana nikiwa bado napima. Mama aliweka spika. Akasema mama naomba wale wadogo laini, treni ya wiki ijayo. Mama akatazama karai, akamchukua mmoja wa 4, akamlaza kwenye ule mstari wa nguzo. Akamwambia, "Hao wapo baba, ila ni watoto, mi siwanunui kwa sasa. Nitakuletea wakubwa." Yule akauliza watoto wa nini, mama akaanza kumweleza kuhusu vijiwe vya masikio, na salio likaisha katikati.

Nimeandika pembeni ya jedwali: 4.2, tarehe 30/11, karibu na nchi kavu, kaskazini ya bandari. Nikajumlisha miezi mitatu. Mama akaniuliza hiyo inaangukia lini, nikafungua kalenda ya simu, mwisho wa Februari, na mwezi mwandamo uko tarehe 28. Akasema andika na hiyo.